Fildi ya kijijini wiki nne: nitapata nini ambacho wodini hakipo?

Swali: "Shikamoo dokta. Nipo mwaka wa pili diploma ya utabibu hapa Kigoma mjini. Mwezi ujao grupu letu la watu sita tunapelekwa fildi ya jamii wiki nne, kijiji kimoja cha ufukweni huko upande wa Gombe, wenzetu wa grupu lingine wanabaki hospitali ya mkoa Maweni wanazunguka wodini. Sijakataa kwenda ila kwa ukweli naona kama napoteza muda, waliotutangulia wanasema walihesabu vyoo, wakajaza logibuku wakarudi. Mimi nataka kuwa klinishani mzuri. Je kuna cha maana nitapata huko? Nikifika nianzie wapi? Na ripoti wanataka nini hasa?"

Jibu:

Marahaba mwanangu. Nianze na hao waliowatangulia maana hawajakudanganya. Fildi ya kuhesabu vyoo ipo, nimeiona kwa macho yangu, kuna chuo kimoja sitakitaja kilishusha vijana kijijini na supavaiza wao akaonekana tena siku ya kuwachukua, logibuku zote zikasainiwa ndani ya gari wakiwa njiani kurudi. Mwanafunzi wa fildi kama hiyo akikwambia amepoteza wiki nne mwamini tu. Kwa hiyo swali lako ni la haki kabisa na sitakujibu kwa hotuba.

Nakujibu kiklinishani kwa sababu ndo ulichouliza. Wodini unawaona waliofika. Kila mgonjwa unayemgusa pale Maweni kuna mtu nyumbani aliamua aletwe, hela ikapatikana, chombo kikapatikana, na akafika bado anapumua. Aliyekwama kwenye hatua mojawapo hapo humuoni na hakuna faili lake. Sasa wewe ukimaliza diploma, uwezekano mkubwa hupangiwi Maweni, unapangiwa zahanati, na haichukui muda unajikuta wewe ndo mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, na hapo hao wasiofika wanakuwa wa kwako. Hakuna mtu atakufundisha kuwatafuta ukiwa wodini, hata akitaka hawezi maana hawapo pale.

Nikupe kitu cha kufanya siku ya kwanza au ya pili, kabla hujashika fomu yoyote. Omba kwa mganga mfawidhi wa zahanati akuruhusu ukae na vitabu vya MTUHA, yaani rejesta za kituo za kuandikia huduma na wagonjwa, hasa Kitabu namba 6 cha wajawazito na namba 12 cha wanaojifungua. Usikimbilie kunakili. Anza na hesabu ya kichwani: zahanati inahudumia watu wangapi? Tuseme kwa mfano tu 6,000. Kwenye mipango tunakadiria wajawazito ni kama asilimia 4 ya watu kwa mwaka, hiyo ni 240, yaani kama 20 kila mwezi. Afu fungua Kitabu 12 uhesabu waliojifungulia pale mwezi uliopita. Ukikuta 9 una watu 11 ambao hujui wako wapi, na fildi yako imeshapata kazi. Wamezalia nyumbani? Wamekwenda Maweni moja kwa moja? Wamevuka kwenda zahanati nyingine? Au ile 6,000 yenyewe ni ya uongo kwa sababu wavuvi walihama na kambi zao na hakuna aliyesahihisha? Kila jibu hapo lina dawa yake tofauti, na ukikosea jibu unatoa dawa ya ugonjwa mwingine.

Mfano hai. Kulikuwa na zahanati moja huku kwetu, ya nchi kavu si ya ziwani, wanafunzi wangu walipopitia Kitabu 12 wakagundua kwenye safu ya makazi kuna kitongoji kimoja hakionekani kabisa, ukurasa baada ya ukurasa hakuna mama wa kule. Mhudumu akawaambia wale watu ni wagumu, wanazalia kwa wakunga wa jadi, wanahitaji elimu. Vijana wakafurahi, wakaanza kuandaa somo la umuhimu wa kujifungulia kituoni na mabango wameshachora. Nikawaambia wekeni mabango pembeni kwanza, nendeni nyumba kwa nyumba muombe kadi za kliniki za watoto, na msiulize chochote kuhusu kujifungua, someni kadi tu. Wakaenda. Kadi baada ya kadi, mahali alipozaliwa mtoto pameandikwa zahanati nyingine kabisa ya ng'ambo ya bonde, mbali zaidi kuliko hii ya kwao, na mhuri upo. Watoto wa nyumbani walikuwa wachache sana. Mama mmoja alikuwa anaanika mihogo akawaeleza bila hata kuacha kazi yake, kwamba kule muuguzi anaishi hatua chache tu na zahanati, hata ukifika saa nane usiku unagonga mlango anatoka, hapa kwetu muuguzi amepanga huko senta, ukija usiku unakuta kufuli na simu haishiki mtandao. Akina mama walikuwa wameshafanya hesabu yao na walikuwa sahihi kuliko sisi.

Unaona sasa, tatizo lilikuwa nyumba ya mtumishi. Ungeenda na mabango ungewafundisha watu wanaojua kuliko wewe, wangekupigia makofi kwa heshima na wangeendelea kuvuka bonde. Vijana wakaipeleka ile hoja kwenye serikali ya kijiji, wajumbe wakabishana hasa kuhusu nani afyatue tofali na nani atoe kuni za kuchomea, nyumba yenyewe ilichelewa sana. Lakini mpaka wanaondoka, mhudumu aliacha kusema wale ni wagumu.

Kwa huko ufukweni unakokwenda wewe mambo yana sura yake. Wanaofanyia kazi vifo vya uzazi wana kawaida ya kugawa ucheleweshaji mara tatu, kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Ule wa tatu Kigoma umefanyiwa kazi kubwa, ule mradi ulioanza mwaka 2006 kwa ufadhili wa Bloomberg Philanthropies uliboresha vituo vya afya vya vijijini na kufundisha madaktari wasaidizi ili mama apasuliwe hukohuko badala ya kila mtu kukimbizwa mjini. Ule wa pili ndo utakaoukuta umekaa unakusubiri. Boti za abiria za vijiji vile zinakwenda mjini asubuhi na kurudi kutoka Kibirizi, ufukwe wa boti hapo mjini, mchana, kwa hiyo uchungu ukianza saa kumi jioni na mambo yakaharibika saa mbili usiku hakuna boti ya kupanda, kuna kukodi mtumbwi wa mtu wenye injini, na mwenye mtumbwi naye huenda yuko katikati ya ziwa anavua. Kaa na wazee wawili watatu uulize hilo tu: usiku mtu akizidiwa hapa mnafanyaje, nani ana injini, petroli inanunuliwa wapi saa hizo, nani analipa, na ziwa likichafuka je. Usiulize kwa fomu. Andika njia nzima kuanzia mlangoni mpaka mapokezi Maweni, na kila hatua andika muda na hela. Kesho yake ukiwa zamu wodi ya wazazi mama wa kijiji kile akiletwa amechoka na mtoto ameshafia tumboni hutauliza kwa hasira "mlikuwa wapi", utakuwa unajua walikuwa wapi.

Na usidhani ni mambo ya uzazi peke yake. Umeshamuona mgonjwa anatapika damu wodi ya wanaume, bandama imejaa tumbo zima, mnamuita wa kichocho sugu? Kichocho cha matumbo kinapita miaka mingi kimyakimya, mayai ya minyoo yanakwama kwenye ini, mishipa inayoleta damu kwenye ini inazibwa, presha ndani ya mishipa hiyo inapanda, mishipa ya koo la chakula inavimba na siku moja inapasuka. Maweni unauona ukurasa wa mwisho. Kijijini kaa ufukweni kuanzia alasiri uangalie nani anaingia majini, wanawake wanafua na kuosha vyombo wapi, watoto wanaogelea wapi, na haja inakwenda wapi kwa wale ambao nyumba zao zimebanana kati ya mlima na maji na hakuna hata pa kuchimba shimo. Ukitoka hapo zile hesabu za vyoo walizozilalamikia wenzako zinapata maana, kwa sababu choo pale ndo kinaamua nani atatapika damu baada ya miaka kumi na tano. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, utaitoa, na atarudi kwenye maji yaleyale.

Kuhusu vyoo, kwa vile lazima mtavihesabu, vihesabuni kama watu wazima. Usiulize "mna choo?" maana kila mtu atasema ndiyo, kampeni ya Nyumba ni Choo ilishawafundisha jibu. Omba kukiona. Angalia kama njia ya kwenda imekanyagwa au imeota majani, kama mlangoni kuna utando wa buibui, kama kibuyu chirizi cha kunawia mikono kina maji ndani yake au kimening'inia tu kikavu kwa ajili ya wageni kama nyie. Vivyo hivyo chandarua. Ule utafiti wa kitaifa wa malaria wa mwaka 2017 uliikuta Kigoma inaongoza nchi nzima, karibu asilimia 24 ya watoto chini ya miaka mitano waliopimwa walikuwa na vimelea wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 7 na kitu, na hii ni kwenye mkoa ambao vyandarua vinagawiwa. Omba kuona kinapofungwa, angalia kamba, angalia kinafunika watu wangapi. Ukikuta vipande vyake vimekuwa vya kuvulia au kuanikia dagaa usigombe, uliza kaya ilipewa vingapi na kipi kinafunika mtoto, andika, endelea.

Kadi za watoto nazo ni dhahabu. Penta, chanjo moja ya kuzuia magonjwa matano, inachomwa wiki ya 6, ya 10 na ya 14, surua rubela miezi 9 na miezi 18. Chukua watoto wenye mwaka mmoja hadi miwili, hesabu waliopata Penta ya kwanza na waliofika ya tatu, ile tofauti ndo walioanza wakapotea njiani, hao walishakuja zahanati mara moja kwa miguu yao wenyewe kwa hiyo kuna kitu kiliwakatisha. Ukiwapita haraka unaandika "mwamko mdogo". Ukiwasikiliza utasikia siku ya chanjo ni moja kwa wiki na ndo siku ya gulio, au alienda akaambiwa arudi maana watoto hawajafika idadi ya kufungulia chupa ya chanjo.

Sasa namna ya kuchagua nyumba, hapa wengi ndo wanaharibu. Wanashuka kwenye boti wanaanza na nyumba zilizo karibu na zahanati kwa sababu jua kali na vilima vya huko si mchezo, wakifika kaya ya hamsini wanasema yatosha. Umewapima wanaoishi karibu na zahanati, hongera, hao walikuwa hawana shida. Fanya hivi: nenda kwa mwenyekiti wa kila kitongoji, ana daftari la wakazi, hata kama ni chakavu litakufaa, orodhesheni kaya kisha chagueni kwa kuruka idadi ileile, kila ya kumi au kila ya kumi na tano kutegemea na wingi, na nyumba iliyoangukiwa na zamu iendeeni hata kama iko juu ya mlima. Kama muda ni mdogo kuna njia inayotumika sana kwenye miradi ya afya ya kuchukua kaya 19 tu kwa kila eneo. Kama lengo ni asilimia 80 ya watoto wawe wamekamilisha chanjo, ukikuta 13 au zaidi kati ya 19 wamekamilisha eneo hilo unaliacha, wakiwa chini ya 13 hapo ndo pa kuanzia kazi. Haikupi asilimia kamili ya kitongoji kimojakimoja, inakwambia tu wapi pabaya kuliko kwingine, na kwa watu sita wenye wiki nne hicho ndo mnachohitaji.

Muda wa kwenda nao una akili yake. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo siku za giza wanaume wa kijiji kile wako ziwani usiku na mchana wamelala, ukigonga saa nne asubuhi unamwamsha mtu aliyelala saa mbili zilizopita, hata mimi ningekujibu vibaya. Mwezi ukiwa mpevu wanapumzika, utawakuta ufukweni wanashona nyavu na wana muda na maneno mengi. Angalia kalenda ya mwezi kabla hamjapanga ratiba ya madodoso. Wanawake asubuhi wako kwenye kuanika dagaa, nenda ukae nao palepale, saidia kugeuza, mazungumzo yatakuja. Na uliza pia miaka ya karibuni ilikuwaje kipesa, maana kule kufungwa kwa ziwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024 kuliigusa mifuko ya watu, na hela ya kukodi mtumbwi usiku inatoka kwenye mfuko huohuo.

Lugha. Kiswahili kinatosha kwa wengi lakini bibi wa Kiha aliyezalisha nusu ya kijiji atakueleza vizuri kwa Kiha, na mkienda kusini zaidi siku nyingine mtakuta Wabembe na Watongwe nao wana yao. Tafuteni mkalimani, ila asiwe mtendaji wa kijiji wala ndugu yake, maana mbele ya mtendaji kila mtu ana choo na kila mtu amelipa michango. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anafaa zaidi, hawa wapo na wanaongezeka tangu serikali izindue mpango wao mpya Januari 2024, anajua nyumba yenye mjamzito na nyumba yenye mgonjwa wa kifua. Mheshimu, yeye anabaki pale nyie mkiondoka. Salamu kwa mtendaji na mwenyekiti wa kijiji bado ni lazima, barua ya utambulisho mkononi, na mueleze wazi mnakuja kujifunza, hamleti mradi. Hilo lisemeni mara nyingi hata wakichoka kulisikia. Wanaona watu sita wenye koti jeupe wanaandika majina, lazima wafikiri kuna kitu kitagawiwa, na mkiondoka bila kugawa watakaokuja mwakani watafungiwa milango. Kwa kweli hayo makoti yaacheni chuoni.

Utaitwa dokta. Utaletewa mtoto. Hapa kuwa makini kuliko kote, wewe ni mwanafunzi, huna dawa na huna leseni, lakini macho unayo. Mtoto anayeshindwa kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au hajitambui, huyo unaongozana naye mpaka zahanati saa hiyohiyo, dodoso litasubiri. Mna utepe wa kupimia mzunguko wa mkono? Chini ya sentimita 11.5 kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 ni utapiamlo mkali, kati ya hapo na 12.5 ni wa kadiri. Majina mwachie mhudumu wa kijiji na mganga mfawidhi, yasibaki kwenye daftari lako tu. Na maswali ya uzazi wa mpango, ya VVU, ya kupigwa nyumbani, usiyaulize mume akiwa amekaa pembeni na mama mkwe anachambua dagaa mlangoni, utapata majibu mazuri yasiyo na kweli ndani yake na pengine utamwachia yule mama matatizo usiku.

Najua kuna mtu atakwambia haya yote ni mitindo ya wazungu wafadhili. Hapana. Mwaka 1940 madaktari Sidney Kark na mkewe Emily walikuwa Pholela huko Natal Afrika Kusini wanaendesha kituo cha afya kwa kuanza na sensa ya kaya, wanajua nyumba kwa nyumba nani anakula nini na nani anaumwa nini, kabla ya Azimio la Alma-Ata la 1978, lile la kimataifa la huduma za msingi za afya, kuzaliwa. Na hapa kwetu mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wazima kama milioni 2 kwenye vikundi vya kusikiliza redio, wakisikiliza, wakijadili, kisha wanakwenda kuchimba vyoo na kufyeka mazalia ya mbu. Muulize babu yako kama alikuwepo. Chuo Kikuu cha Moi pale Eldoret, Kenya, mafunzo ya kwenye jamii wameyatandaza miaka kadhaa ya masomo, mwanafunzi anarudi vijijini tena na tena, na hilo ndo ninalolionea wivu. Wiki nne za mara moja ni chache, nalisema wazi, mnaondoka wakati watu ndo wanaanza kuwaambia ukweli. Kama mna kiongozi wa darasa mwenye mdomo aombe chuo angalau grupu la mwakani lipelekwe kijiji kilekile na likabidhiwe ripoti yenu.

Na ukitaka ushahidi kwamba wodi ina mwisho wake, hukohuko unakokwenda ukizidi kaskazini kuna Kagunga, mpakani na Burundi. Mei 2015 wakimbizi kwa maelfu walijazana ufukweni pale, mlima nyuma na ziwa mbele, barabara hakuna, wanakunywa maji ya ziwa na haja hapohapo, kipindupindu kikalipuka. Mpaka karibu Mei 22 wagonjwa walikuwa wameshafika kama 3,000 na waliokufa 31, wawili kati yao Watanzania. Madripu yaliokoa watu, hilo halina ubishi, lakini kila kitanda kilichofunguka kilijazwa na mwingine mpaka maji safi yalipopatikana, vyoo vikachimbwa na watu wakatolewa pale kwa meli ya MV Liemba na vyombo vingine kuletwa mjini.

Ripoti sasa. Wanachotaka kwenye mwongozo utakikuta kwenye mwongozo, utangulizi, malengo, mbinu, jaza. Ninachokwambia mimi ni kwamba mwalimu anayesoma ripoti thelathini zinazofanana anatafuta vitu vitatu. Ramani ya kijiji mliyoichora wenyewe kwa miguu, yenye vyanzo vya maji, zahanati, njia ya usiku, na nyumba mlizozifikia, si ile ya kunakili kwenye simu. Swali moja lililofuatiliwa mpaka mwisho, mfano wale 11 walioko wapi, badala ya majedwali ishirini ya asilimia. Na sehemu mliyokuta mlichodhani sicho. Kwenye mapendekezo acheni "serikali iongeze watumishi na elimu itolewe", hiyo imeandikwa tangu mimi nasoma, andikeni kitu ambacho kijiji kinaweza kuanza mwezi ujao na jina la cheo cha anayehusika, mfano mwenyekiti aitishe wenye mitumbwi yenye injini wakubaliane zamu za usiku na namba zao zibandikwe mlango wa zahanati na bei ya petroli ijulikane kabla. Kisha kabla hamjaondoka, ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi usomwe kwenye mkutano wa kijiji na nakala ibaki kwa mtendaji na nyingine kwa mganga. Jiandaeni kupingwa. Mzee mmoja atasimama atasema takwimu zenu za kitongoji chake ni za uongo, na msikilizeni kwa makini, mara nyingi ana hoja.

Maweni utaizunguka tu, roteshen zako za wodini ziko palepale, kushona na kutundika dripu utajifunza. Unachotakiwa kukibana kabla ya kusafiri ni supavaiza: muulizeni leo anakuja siku zipi na atakaa muda gani, mpate jibu kwa maandishi kwenye grupu la WhatsApp, na akija msimpeleke kula samaki kwanza, mpelekeni ile kaya iliyowashinda. Mambo madogo: pawabanki, mfuko wa plastiki wa kufungia madaftari maana boti inarusha maji, koti la kuokolea maisha livaeni hata kama wenyeji wanacheka, na uliza kabla siku ambazo boti hazisafiri ili msikwame Kibirizi na mabegi. Ukifika ukakuta Kitabu 12 kimeachwa bila kujazwa miezi kadhaa niandikie tena, hiyo ni kesi nyingine na ina njia yake ya kuanzia.